Mzee Aliyekiri Kuiba Tope

Hili nitakalokusimulia hutaliamini, na sikulaumu, maana hata Inspekta aliyelichunguza alilisoma kwenye faili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akalisoma tena. Kuna mtu kaiba tope la majitaka. Siyo mafuta, siyo nyaya za shaba, siyo pampu. Tope! Lile linaloanzia chooni kwako na kwangu, likapita kwenye mabomba, likaishia mtamboni kusafishwa. Tangi zima limekombwa, na mwizi kakiri kwa mdomo wake bila hata kupigwa kibao. Sasa tulia hapo hapo ulipo, maana kila neno nililokuambia hapo juu lina kasoro, na kazi ya Inspekta siku hiyo ilikuwa kuzitafuta kasoro zenyewe.

Inspekta alikuwa amechoka. Namaanisha ule uchovu unaokaa kwenye magoti kama mpangaji asiyelipa, umeshamzoea mwenye nyumba. Kituoni walimwita Mama Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuona akikimbia. Aliingia chumba cha mahojiano, akavua kiatu kimoja chini ya meza, akafungua faili.

Mbele yake alikaa mlinzi wa mtambo. Mzee mwembamba, kofia ya sufu kichwani juani na mvuani, ndiyo maana watu wakamwita Mzee Kofia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Tuanze upya. Uliiba nini?"

"Tope."

"La rangi gani?"

Mzee Kofia akatazama ukuta, kama vile jibu limebandikwa pale. "La rangi ya tope."

"Ulilibebaje?"

"Kwa ndoo."

"Ukampa nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mpita njia."

Inspekta akaweka kalamu chini. "Yaani mpita njia kabeba tangi zima la mavi, akaenda nalo kwake?"

"Watu wana mambo yao, mwanangu."

Askari aliyesimama mlangoni akageukia ukuta ili asicheke. Inspekta hakucheka. Miaka yote ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi wa kweli ana hadithi nzuri, na mwongo aliyejiandaa ana hadithi nzuri zaidi. Huyu mzee hakuwa na hadithi kabisa. Alikuwa na kichwa cha habari tu.

"Kesho asubuhi unapelekwa mahakamani," akamwambia. "Ukikiri mbele ya hakimu, hakuna wa kukusaidia tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Hata chai yenu nimeipenda."

Inspekta akarudisha mguu kwenye kiatu, akatoka.

Mtamboni alipokelewa na mkuu wa mradi, bwana mmoja aliyevaa suruali iliyonyooshwa ikaingizwa ndani ya mabuti ya mpira. Wote walimwita Dokta. Alikuwa hajalala, macho mekundu, sauti imekauka.

"Inspekta, nakuomba kitu kimoja. Usiliite tope."

"Niliite nini?"

"Punje." Akatoa simu, akampa picha. Kwenye picha, kiganja cha mtu kilikuwa na vitu vidogo vya mviringo, vinang'aa, rangi ya asali, kama mtama uliolowekwa. "Tope la kawaida ni chembechembe tu, linaelea linavyotaka. Hizi ni tofauti. Bakteria wanajifunga wenyewe. Kila mmoja anatoa ute, ute unashikana na ute wa mwenzake, wanakuwa punje ngumu. Ukizima hewa zinashuka chini zenyewe, puu! maji yanabaki juu meupe."

"Na thamani yake ni nini?"

"Ute wenyewe! Tunautoa kwenye punje, tunapata kitu kama jeli. Ukipaka karatasi, hainywi maji. Ukipaka mbegu, haiozi mapema. Kutoka chooni, Inspekta! Tumezilea punje hizi tangu zikiwa kama vumbi. Wageni wanakuja kuziona na kuamua kama mradi unaendelea. Bila punje hakuna mradi, na bila mradi watu wote unaowaona hapa waende kwao. Kwa hiyo mimi sitaki maneno mengi. Nataka aliyefanya hivi afungwe. Awe mlinzi, awe nani."

Inspekta akarudisha simu. "Nani alikuwa wa mwisho kuziona zikiwa nzima?"

"Fundi wa tangi. Binti mmoja, wanamwita Mama Punje."

"Ana watoto?"

"Hana hata mmoja. Watoto wake ndio hao walioibiwa." Dokta akashusha sauti. "Na tafadhali, ni binti wa huyo mlinzi. Ndiye aliyemtafutia baba yake kazi. Hali yake si nzuri."

Inspekta akaandika neno moja kwenye daftari lake, akalipigia mstari: *binti*.

Tangi lenyewe halikuwa kubwa. Ukubwa wa chumba cha kupanga, limesimama kwenye zege, na ngazi ya chuma ubavuni. Inspekta alipanda taratibu, goti moja likilalamika, jingine likiitikia. Juu kabisa akasimama, akaangalia ndani. Maji ya kahawia, mazito, na povu jeupe limekaa pembeni kama la mtu anayefua.

"Punje zilipokuwepo, maji yalifika wapi?"

"Hapo kwenye alama nyekundu," akajibu Dokta kutoka chini.

Maji yalikuwa kwenye alama nyekundu.

Akashuka, akazunguka nyuma. Koki ya kutolea tope chini ya tangi ilikuwa imepakwa rangi mwaka wa nyuma, na rangi ilikuwa haijapasuka hata kidogo. Aliyeifungua kama yupo, basi aliifungua kwa maombi. Akaangalia ardhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku moja kabla ya wizi, udongo laini, na hapakuwa na alama ya ndoo iliyowekwa chini, wala tone lililomwagika, wala nyayo za mtu mwenye mzigo. Nyayo za fundi wa tangi tu, kwenda na kurudi, na za mlinzi.

Akapanda tena. Safari hii akavua glavu, akachovya vidole viwili.

"Inspekta! Maji ya choo hayo!"

"Nimelea watoto watatu, Dokta. Hakuna jipya hapa." Akasugua vidole. Vikateleza kimoja juu ya kingine, kama mtu aliyeshika maji ya bamia. Akanusa. Chini ya ule uvundo uliotegemewa kulikuwa na harufu nyingine, ya sabuni ya mche.

Akajaza chupa ya sampuli, akaifunga, akaitia mkobani.

Mtu wa kwanza ambaye kila mmoja pale mtamboni alimnyooshea kidole alikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo, jina la utani Bomba. Gari lake lina tangi, lina pampu, lina mpira mrefu, na jioni ya tukio aliingia mtamboni. Ushahidi gani tena unataka? Inspekta alimkuta amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Toka tuongee."

"Nani?"

"Polisi."

"Basi ngoja nimalizie kulala, maana nikitoka huko sitalala tena." Lakini akatoka, mafuta hadi kwenye nyusi. "Shikamoo, afande. Najua umekuja kwa ajili ya mavi."

"Marahaba. Wanasema ulinyonya tangi la Dokta."

Bomba akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mama yangu, kazi yangu ni kuleta. Toka nimezaliwa watu wananilipa niyaondoe kwao. Sasa leo niyaibe, niyapeleke wapi? Kwa mke wangu? Hata kunusa shati langu hataki!"

"Jioni ile ulikuja kufanya nini?"

"Kuomba spana. Pampu ilikufa tangu asubuhi, hii hapa, ifungue mwenyewe uione. Haiwezi kunyonya hata juisi kwa mrija."

Inspekta akainama, akaiangalia. Moyo wa pampu ulikuwa juu ya gunia, umevunjika vipande viwili, na ukungu wa kutu umeshaanza kwenye mpasuko. Basi, Bomba hakunyonya kitu.

"Ulimwona nani?"

"Mzee Kofia getini. Na binti yake kule juu tangini, ana ndoo. Nilimpungia mkono, hakuniona. Yule akiwa na bakteria wake hata nyumba ikiungua hasikii."

"Ndoo ilikuwa inatoka tangini au inaingia?"

Bomba akakuna kichwa kwa spana. "Sasa hapo afande umenishika. Kuinua nilimwona. Kama anaingiza au anatoa, jua lilikuwa machoni."

Inspekta akamshukuru, akaondoka. Unaona mambo yanavyokwenda? Mimi nilipofika hapa nilisema: kashapatikana, ni binti! Tulia kwanza.

Mama Punje alikuwa ndani ya chumba cha vipimo, anaosha mrija mrefu wa kioo ambao tayari ulikuwa safi. Binti wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe, mikono imekauka kwa dawa. Alimwamkia Inspekta bila kumtazama, akaendelea kusugua.

"Pole kwa yaliyotokea, mwanangu."

"Asante, mama."

"Nimetoka kuongea na baba yako."

Mrija ukasimama. "Mimi sina baba mwizi. Kama umekuja kwa habari zake, naomba uniache nifanye kazi."

"Hujaenda kumwona?"

"Nikamwone nimwambie nini? Mimi nilimleta hapa! Niliwapigia magoti. Nilisema baba yangu ni mwaminifu, hata kiberiti cha mtu hachukui. Kumbe." Akausugua mrija tena. "Zile punje unajua nilianzaje nazo? Nilikuwa naziita. Mtu mzima, naziita kama kuku. Dokta akisafiri, nani anabaki nazo? Mimi. Zikiumwa, nani anajua? Mimi."

"Ziliwahi kuumwa?"

"Hata siku ile ile! Maji yalikuwa yamechacha. Kuna kiwanda huko juu kilimwaga kitu. Kipimo kikashuka, maana maji yakichacha namba yake inashuka, na punje zikianza kulegea unazijua, zinakuwa kama wali uliolala. Nikampigia Dokta, simu imezimwa, yuko mkutanoni. Nikaona nisubiri mpaka kesho? Zitakufa. Nikazipa dawa."

"Dawa gani?"

"Ya uchachu tu." Akasema kama mtu anayesema chumvi kwenye mboga. "Kawaida ni chokaa. Lakini chokaa iliisha, nimeandika mara ngapi waninunulie. Nikachukua kostiki stoo, ile ya kuzibulia mabomba. Kule mtambo mkubwa nilikojifunza tulikuwa tunatumia chochote kilichopo, chokaa au kostiki, vyote vinakata uchachu. Nikakoroga kwenye ndoo, nikamimina kidogo kidogo mpaka kipimo kikapanda. Nilipotoka maji yalishapona." Akauweka mrija mezani. "Niliziacha zimepona, mama. Asubuhi nakuta hazipo. Yaani nimeziponya ili mzee aje azibebe!"

Inspekta alikuwa ameacha kuandika.

"Dokta anajua kwamba ulizipa dawa?"

"Sijamwambia. Amekataza mtu kutia kitu chochote tangini bila ruhusa yake, alisema atakayegusa anamfikisha mahakamani. Lakini si nilizisaidia? Na sasa hivi inabadilisha nini?"

"Dokta anapoutoa ute kwenye punje, anautoaje?"

"Sijui. Kile chumba anaingia yeye na ufunguo wake. Siri ya kazi." Akacheka kidogo bila furaha. "Mimi wa kulea tu. Kupika anapika mwenyewe."

Kwenye njia ya kurudi getini Inspekta aliingia kibanda cha mlinzi. Kitanda hakuna, redio mbovu, mwamvuli, na kitu cha kukalia. Akakikalia, maana magoti yalikuwa yameshapiga kura. Ndipo akasikia kinavyolia, tupu. Akainuka, akakigeuza. Kilikuwa kipipa cha plastiki cha bluu, kimeoshwa kikatakata, na pale penye karatasi ya jina pamekwanguliwa kwa kisu mpaka plastiki ikachubuka.

Mtu anaosha pipa, sawa. Lakini ni nani anayekaa kukwangua jina la pipa la kukalia?

Inspekta akapitisha kidole kwenye mfuniko, ndani ya ile mifereji ya kufungia ambayo maji ya kuoshea hayakufika. Kidole kikateleza kama kimepakwa sabuni, kisha kikaanza kuwasha. Akakikosha haraka kwa maji ya chupa yake ya kunywa, akasimama pale mlangoni anakipuliza, anamtazama Dokta kwa mbali akizunguka tangi lake kama mtu anayezunguka jeneza.

Akamfuata.

"Dokta, niambie unavyoutoa ule ute."

"Hiyo siwezi. Ni siri ya kazi."

"Mimi nina mzee wa watu mahabusu. Ukipenda twende ukaniambie kituoni, kiti kipo, ila hakina mgongo."

Dokta akatazama huku na huku, akasogea mpaka pumzi yake ya kahawa ikamfikia. "Kostiki," akanong'ona. "Punje zinashikwa na kitu kama kilichomo kwenye chokaa. Ndicho kinachofunga ute na ute, kama mkono na mkono. Kostiki inaingia pale katikati inaiachanisha mikono. Napasha moto kidogo, nakoroga, punje yote inayeyuka inakuwa uji. Halafu nautoa ute kwenye uji."

"Na ukitaka ugande tena?"

"Unaudondoshea kwenye maji ya chokaa. Unashikana hapo hapo, unaona kwa macho." Akajikuta anatabasamu, kisha akakumbuka msiba wake. "Kwa nini unauliza?"

"Mimi huuliza tu. Ndiyo kazi."

Hapo sasa! Umeona? Dokta alijua kostiki inafanya nini, lakini hakujua kwamba ilitiwa. Binti alijua aliitia, lakini hakujua inafanya nini, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu wawili wanakula meza moja mchana, kila mmoja ana nusu ya jibu mfukoni, na katikati yao mzee yuko selo.

Njiani Inspekta alisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaomba chokaa kiganja kimoja.

"Mama, hatuuzi kiganja, tunauza mfuko," akasema muuzaji.

"Basi nipe inayomwagika kwenye mfuko uliotoboka."

Kituoni akaikoroga kwenye glasi ya chai, akasubiri ikae, akamimina maji ya juu kwenye glasi nyingine. Askari wa kaunta akanyoosha shingo. "Afande, tumbo linasumbua?"

"Nyamaza uangalie."

Akafungua chupa ya sampuli, akadondosha maji ya kahawia, tone kwa tone. Tone la kwanza likazama na kuacha ukungu. La pili vile vile. Halafu ukungu ukaanza kujikusanya. Ukawa nyuzi, nyuzi zikashikana, zikatulia chini kama ute wa yai uliotiwa kwenye supu ya moto. Inspekta akachukua njiti ya kiberiti, akauinua uzi mmoja. Ukaning'inia, unacheza, haukatiki.

"Ee Mungu wangu," akasema askari. "Hicho ni nini?"

"Mali ya wizi."

"Imepatikana wapi?"

"Ilipokuwa." Akakaa. "Haijatoka hata hatua moja."

Nikuambie kitu. Mtu mwingine angeruka juu hapo, angepiga simu kwa mkubwa wake. Inspekta aliiangalia ile glasi mpaka askari akadhani amesinzia. Kisha akaifunika kwa kisahani, akaitia kwenye droo ya kaunta, akaenda kufungua mlango wa selo mwenyewe, akaketi kwenye benchi la saruji pamoja na Mzee Kofia.

"Mzee wangu, hakuna kilichoibiwa."

"Kimeibiwa. Nimekiri."

"Punje zimeyeyuka. Zimo ndani ya maji yale yale. Na lile pipa lako la kukalia nimelishika, limeniunguza kidole hiki hapa."

Mzee akaangalia kidole. Kwa mara ya kwanza akavua kofia, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko mtu angetegemea.

"Nilimwona," akasema polepole. "Jua linazama. Anapandisha ndoo, anaangalia nyuma kama mtu anayeogopa kuonekana, anamimina. Nikasema moyoni, ni kazi yake, nisiingilie. Asubuhi nasikia makelele, Dokta anasema atakayepatikana ataozea ndani. Nikakumbuka mwezi uliopita walivyompa mtu mwingine ule ukubwa wa kazini alioahidiwa yeye. Alilia sana mwanangu. Nikajua tu: kalipiza. Hasira ni hasara." Akakunja kofia, akaikunjua. "Nikakuta lile pipa nyuma ya stoo. Nikaliosha."

"Ukaja ukakiri."

"Polisi walikuwa wanaelekea kwake. Ningefanyaje? Nikasema la kwanza lililonijia."

"Mpita njia mwenye ndoo."

"Nilidhani limekaa vizuri," akasema mzee, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kisichofika mbali.

Inspekta akakohoa. "Hakulipiza, mzee wangu. Maji yalichacha, punje zinaumwa, Dokta hapatikani. Alitaka kuziponya. Alitumia kostiki badala ya chokaa. Hajui mpaka sasa hivi kwamba ndiyo iliyoziua. Anaamini kwamba wewe uliziiba, na ndiyo maana hajaja."

Mzee Kofia akashika mdomo. Mabega yakatikisika. Inspekta alidhani analia, kumbe anashukuru. "Hakukusudia! Mwanangu hakukusudia. Nilijua. Mama yake angenifufukia kwa vile nilivyomfikiria." Akafuta macho kwa kofia. Kisha uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Basi ndiyo kabisa usimwambie."

"Mzee..."

"Nisikilize. Angekuwa amekusudia, angeweza kuishi nalo. Mtu wa hasira hasira yake inamlinda. Lakini huyu? Umewahi kumuona mama aliyempa mtoto dawa siyo? Mimi nimemuona, alikuwa jirani yangu. Alikuwa hai, anakula, anafagia, lakini hakuwemo. Na kazini si watamfukuza? Dokta si amesema mahakamani? Huyu ndiye peke yake aliyesoma kwetu, afande. Mimi kibanda na selo ni kitu kimoja, tofauti huku mlango anafunga mwingine. Acha anichukie. Chuki ya mtoto kwa baba hupoa. Ile nyingine haipoi."

"Niliapa kuandika ukweli, ndiyo kazi yangu."

"Na mimi nakataa ukweli wako. Kesho hakimu akiniuliza, nitasema niliiba. Utanifanyaje, unifunge?"

Inspekta alisimama kwa awamu, kwanza mkono ukutani, kisha goti, kisha jingine. Alikuwa ameona watu wakikana walichofanya mpaka amezoea. Huyu anayekumbatia asichofanya alimchosha kupita wote.

Akarudi mbele. Na pale kaunta, amesimama na koti lake jeupe bado mwilini, alikuwa Mama Punje. Mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama." Akausukuma mfuko juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na shati la mikono mirefu, limepigwa pasi, kola imesimama. "Mpe hili. Asiende kwa hakimu kama mwizi wa kuku. Lakini usimwambie nimelileta mimi. Sema limeokotwa."

"Yuko hapo nyuma ya mlango huo. Hutaki kumwona?"

"Nikamwone mwizi?" Akageuka kuondoka. Akafika mlangoni, mkono kwenye fremu, akasimama. Mgongo ukainama. Akarudi, hatua mbili tatu, na macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Mama, wewe umeongea naye. Sijalala. Nikifumba macho naziona. Niambie kitu kimoja tu, sitakuuliza kingine. Punje zangu alizifanya nini?"

Askari wa kaunta akatazama droo, kisha akamtazama Inspekta. Nyuma ya mlango mzee alikohoa, kikohozi kimoja, kile cha mtu anayekuomba kitu bila kutaja jina lako. Inspekta akisema, anamtoa baba selo na anamwingiza binti kwenye kitu kisichokuwa na mlango. Akinyamaza, kesho hakimu atamfunga mzee asiye na kosa, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na mtoto anayemchukia bure.

Inspekta alifungua mdomo.

Na wewe, ndugu yangu, ungekuwa umesimama nyuma ya kaunta ile na miguu inakuuma namna ile, binti wa watu anakutazama, ungemjibu nini?